Ni jina gani la mtu lililokulazimisha uulize mara mbili?

Mwalimu Mstaafu (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, nimestaafu ualimu wa shule ya msingi baada ya kuutumikia kwa miaka 31, na kama kipo kitabu nilichokisoma kuliko vyote maishani mwangu, basi ni daftari la mahudhurio. Ninaanzisha uzi huu ili tukusanye majina ya kuchekesha na yasiyo ya kawaida ambayo kila mmoja wetu amekutana nayo ana kwa ana, yaani majina ya watu aliokaa nao darasani, waliomuuzia nyanya au waliompokea hospitalini, na si yale yanayookotwa mitandaoni bila mwenyewe kujulikana. Nitaanza na langu, asije mtu akadhani nimekaa kuwacheka wenzangu.

Naitwa Mashaka. Mwaka 1984 nilipangiwa kazi mkoani Shinyanga nikitokea Muheza, nikafika shuleni jioni nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye kope, na nikamkabidhi mwalimu mkuu barua yangu. Aliisoma polepole, akavua miwani, kisha akawageukia walimu waliokuwa chini ya mwembe na kusema: "Tulikuwa na upungufu wa madawati na upungufu wa chaki, sasa Wizara imetuongezea na Mashaka." Walicheka sana, nami nikacheka nao, ingawa sikuona cha ajabu, kwa sababu kwetu Tanga mtu kuitwa Mashaka, Shida, Tabu au Masumbuko hakumshtui yeyote. Shangazi yangu aliitwa Tabu, na sijapata kumwona mwanamke aliyeishi kwa raha kama yeye.

Kesho yake ikawa zamu yangu ya kucheka. Nilifungua daftari nikaita Kulwa, wakaitika watoto wanne. Nikaita Doto, wakaitika watatu. Nilidhani wananijaribu kwa kuwa ni mgeni, nikataka kuchukua fimbo, mpaka mwalimu wa darasa la jirani aliponieleza kwamba Usukumani pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Nikauliza yuko wapi Doto wa nne. Nikajibiwa kwa upole kwamba amerudishwa darasa la pili. Ndiyo maana Doto Biteko alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, kila aliyeishi Usukumani alijua papo hapo kwamba mahali fulani duniani kuna Kulwa wake.

Tangu asubuhi ile nimeamini jambo moja, nalo nawaomba wachangiaji walipinge wakiweza: hakuna jina linalochekesha nyumbani kwake. Jina huanza kuchekesha linapovuka mto. Chukueni jina tunalolitaja kwa heshima kuliko yote nchini Tanzania. Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Babake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavijeshi wamevamia nchi. Mwanawe alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili mwaka 1922, siku ya mvua kubwa, akapewa jina la Kambarage, pepo wa mvua, na hilo la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Kwa Wazanaki hayo ni majina yanayoeleweka kama saa ya ukutani. Hebu mkabidhi karani wa leo, mtoto wa mjini, fomu yenye jina "Pepo wa Mvua Kiwavi" uone kama hatamwita mwenzake aje kutazama.

Karibuni.

Binti wa Pangani

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako naikubali nusu, kwa sababu huku kwetu pwani yapo majina yaliyotolewa ili yawaume watu wa nyumbani na wa jirani. Bibi yangu mzaa mama aliitwa Siwatu. Alipozaliwa, ndugu za mume walikuwa hawajafika kumtazama mzazi, na mzazi akaona njia nzuri ya kuwaambia wao ni nani ni kumpa mtoto jina hilo, ili kila watakapomwita wajitaje wenyewe kwamba si watu. Dada yake aliyemfuata aliitwa Semeni. Inasemekana mtaani palikuwa na maneno mengi kuhusu mimba ile, basi mtoto alipozaliwa anafanana na baba yake kwa pua na kwa masikio, mama akamwita Semeni, na kila jioni alisimama mlangoni akaita kwa sauti ndefu, "Semeniii!", huku majirani wakisikia kila mmoja kwa nafasi yake. Majina haya ni ndugu wa maandishi ya kanga. Tunaye Sihaba, tunaye Sikujua, tunaye Sikudhani, na nimesoma na Sijali, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mwanafunzi mwenye kujali kuliko wote, akilia kwa kukosa alama moja.

Wapo pia waliobeba majina ya kudunisha wakayageuza. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa alipozaliwa; Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilokuja kulipata mjini alipokwisha kujulikana kwa sauti yake. Na Fatuma binti Baraka aliitwa Kidude tangu utotoni kwa sababu alizaliwa kadogo mno, akaondoka duniani mwezi wa Aprili mwaka 2013 akiwa bado Bi Kidude, na hakuna ukumbi ulioona aibu kulitangaza jina hilo.

Mshika Kibendera

Mimi majina yangu yote ya ajabu nimeyapata uwanjani, na yanaunga mkono hoja ya mleta uzi moja kwa moja. Simba iliwahi kuwa na wachezaji kutoka Zimbabwe walioitwa Justice Majabvi, Method Mwanjali na Perfect Chikwende. Yaani tulikuwa na Haki katikati ya uwanja, Mbinu kwenye ulinzi, na baadaye mwaka 2021 akaja Mkamilifu, ambaye kama binadamu wengine alikuwa akikosa mabao. Jirani yangu wa Harare alinieleza kwamba Washona tangu zamani huwapa watoto majina yenye ujumbe, na Kiingereza kilipoingia wengine waliutafsiri ujumbe bila kuupunguza, ndiyo maana kwao unakutana na Lovemore, Learnmore, Nomatter na Godknows wakinunua mkate dukani bila mtu kugeuka.

Yanga nao walikuwa na Wakongomani. Heritier Makambo ni Mrithi. Fiston Mayele ndiye aliyenifurahisha zaidi, kwa sababu fiston kwa Kifaransa cha nyumbani ni neno ambalo baba humwitia kijana wake, hivyo kwa misimu miwili Jangwani nzima ilikuwa ikipiga kelele "mwanangu, mwanangu" bila kujua. Kisha kulikuwa na Jesus Moloko. Siku mtangazaji wa redio aliposema kwamba Jesus ameotea, mama yangu, ambaye ni mlokole wa kukesha, alinyanyuka akaizima redio na hakutaka kusikia maelezo.

Mwana wa Mulembe

Salamu kutoka Bungoma. Mwalimu ametaja mvua, nami nitaongezea hapo. Kwetu Wabukusu mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula na msichana ni Nafula. Wajaluo wana Okoth na Akoth, Wakamba wana Wambua, Wasukuma wana Mabula, na nyinyi wa pwani mna Mwamvua. Siku moja katika semina ya vyama vya ushirika jijini Nairobi tulijikuta mezani pamoja Wafula, Okoth, Wambua na mgeni kutoka Mwanza aliyeitwa Mabula, na tulipokuwa tukijitambulisha ndipo tukagundua kwamba tumeita mvua mara nne. Nje kulikuwa na jua kali.

Njaa nayo ina watoto wake. Wanjala na Nanjala ni wa kwetu, Okech na Akech ni wa majirani zetu Wajaluo. Mgeni akielezwa maana yake huhuzunika, lakini Wanjala ninayemfahamu mimi anamiliki hoteli mbili na uzito wake unahitaji kiti maalumu. Kuna pia majina ya Ojwang' na Ajwang', ambayo kwa Wajaluo yanatokana na kuacha au kutelekeza: familia iliyozika watoto wengi ilijifanya imemtupa mtoto mchanga, mtu mwingine akamwokota, ili mauti yapite pale yakidhani hakuna anayependwa. Hilo si la kuchekesha hata kidogo, nami naomba tusilichanganye na mengine.

Halafu kuna majina ya matukio. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba mwaka 1961, wakati Kenya ilijitawala Desemba 1963, kwa hiyo jina liliutangulia uhuru wenyewe kwa zaidi ya miaka miwili. Babake alikuwa na uhakika na mambo. Na jina la Museveni limetoka kwa Waganda waliotumikia kikosi cha saba cha jeshi la Keya, yaani King's African Rifles la Waingereza, katika Vita Kuu ya Pili, ambao watu waliwaita Abaseveni kutokana na neno la Kiingereza la saba. Rais anabeba nambari ya batalioni, na nina hakika wengi wanaoliandika jina lake kila siku hawajawahi kuihesabu.

Mzaliwa wa Bukoba

Sisi majina yetu ya ajabu yaliletwa na kalenda. Padri alikuwa akitazama mtakatifu wa siku hiyo, na ukizaliwa siku mbaya unatoka kanisani ukiwa Polikarpo. Nyumbani kwetu kulikuwa na Deusdedit, Novatus na Telesphor, na bibi yetu aliyekuwa na meno mawili aliwaita wote "Dedi" ili mambo yaishe. Miaka mingi baadaye nilielezwa na mseminari kwamba Deusdedit ni Kilatini cha "Mungu ametoa", nikakumbuka mchumba wangu wa wakati ule, Mnyakyusa aliyeitwa Atupele, yaani "ametupatia". Tulikuwa tumecheka majina ya kila mmoja kwa mwaka mzima, kumbe ni jina lilelile.

Mtoto wa Ziwa Kivu

Hapo umenigusa, ndugu wa Bukoba. Huku kwetu Goma tuna akina Dieudonné wengi, nalo ni hilohilo la "aliyetolewa na Mungu". Ukivuka kwenda Rwanda na Burundi utakuta majina ambayo kila moja ni sentensi iliyokamilika: Habyarimana ni "Mungu ndiye azaaye", Nkurunziza ni "habari njema", na rais wa sasa wa Burundi, Ndayishimiye, ni "ninamshukuru". Jambo linalowashangaza wageni si maana bali ni kwamba, kwa desturi, kila mtoto hupewa sentensi yake mwenyewe. Baba ana jina lake, mama lake, na watoto watano wana majina matano yasiyofanana hata kwa silabi moja. Nimeshuhudia familia moja ikizuiliwa nusu siku katika uwanja wa ndege wa Ulaya, afisa akiuliza kwa nini watu saba wanaodai kuwa ndugu hawana jina la ukoo. Baba wa watu, ambaye jina lake lilikuwa na maana ya kushukuru, alikuwa amekwisha kuacha kushukuru.

Kuhusu sisi Wakongomani, msisahau kwamba tuliwahi kuvuliwa majina kwa amri. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu, yeye mwenyewe akaacha kuwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa. Baba yangu alikwenda shuleni Ijumaa akiwa Jean akarudi Jumatatu akiwa mtu mwingine, na mpaka leo wapo wanafunzi wenzake wanaodhani Jean alihama. Na kwa nyinyi mnaoongea Kiswahili cha pwani, waziri mkuu wetu wa mwaka 2012 hadi 2016 alikuwa Matata Ponyo, mzaliwa wa Maniema. Kila alipotembelea nchi ya jirani niliona nyuso za watangazaji zikikaza kwa kuzuia kicheko, kwa maana ni vigumu kutangaza bila kutabasamu kwamba Matata amewasili kwa mazungumzo ya amani.

Mzazi Makini

Nimewasoma wote kwa furaha, lakini nitakuwa mpinzani. Ni rahisi kusema jina halichekeshi nyumbani kwake ikiwa si wewe unayeondoka nyumbani nalo kila asubuhi. Nina dada aliyeitwa Matatizo. Wazazi wetu walikuwa wamenyang'anywa shamba mwaka aliozaliwa, na hilo likawa jina lake. Alipokuwa akitafuta kazi, alikuwa akiingia kwenye chumba cha usaili na kabla hajakaa mtu mmoja anasema, "Matatizo, karibu." Wengine wanakohoa. Hatimaye akala kiapo, akabadilisha jina kisheria, na kwa miezi mingi akawa akizunguka na bahasha ya nyaraka kurekebisha vyeti vya shule, akaunti ya benki na kitambulisho, huku kila dirisha likimwuliza kwa nini amelikataa jina la wazazi.

Mnakumbuka pia Zimbabwe. Rais wao wa kwanza, kuanzia mwaka 1980 hadi 1987, alikuwa Canaan Banana, na mwaka 1982 ilibidi litungwe katazo la kulifanyia mzaha jina lake. Hao walikuwa raia wake mwenyewe, Mwalimu, katika nchi yake, si watu wa ng'ambo ya mto. Na Namibia, iliyokuwa koloni la Ujerumani, mwaka 2020 ilimchagua diwani mmoja wa eneo la Ompundja aliyeitwa wakati huo Adolf Hitler Uunona, kwa asilimia 85 ya kura. Aliliambia gazeti la Kijerumani la Bild kwamba huenda baba yake hakuelewa mwenye jina hilo alisimamia nini. Mtoto alilielewa alipokua. Baba humaliza kazi yake kwa neno moja. Mtoto hubaki akilieleza neno hilo hadi uzeeni.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mzazi Makini, kwa Banana umenishinda, nakiri. Kwa dada yako nitajitetea kidogo. Nimewahi kufundisha Matatizo wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na darasani baada ya wiki mbili neno lile lilikufa maana, likabaki sauti tu ya kumwitia mtoto. Mwenye kosa hapo ni msaili aliyekohoa. Ni sawa na rais wetu wa tano, John Magufuli: alikuwa na jina la Pombe katikati, na katika majukwaa yote ya mwaka 2015 sikumsikia mtu mzima akishindwa kulitamka. Hata hivyo, nakubali kwamba mimi ni mwanamume niliyeajiriwa kwa barua ya Wizara bila kukaa mbele ya msaili, na huenda ningekuwa dada yako ningeandika mengine.

Msafiri wa Ohio

Naomba niongeze upande wa huku ughaibuni, ambako jina halihitaji hata kuwa na maana ili lichekeshe. Sisi Watanzania huandika jina letu, la baba, kisha la babu. Wamarekani huchukua la mwisho wakadhani ndilo letu, kwa hiyo hapa Columbus mimi huitwa kwa jina la babu yangu, mvuvi wa Kilwa aliyefariki dunia bila kuona theluji, ambaye sasa anadaiwa bili ya umeme kila mwezi. Mke wangu anaitwa kwa jina la babu yake yeye, hivyo kwenye kisanduku chetu cha barua wamekaa wazee wawili wasiowahi kuonana.

Lakini aliyetushinda sote ni kijana mmoja aliyefika na pasipoti yenye jina moja tu. Kwa utaratibu wa viza za Marekani, asiye na jina la kwanza huandikiwa herufi F, N na U, kifupi cha maneno yenye maana kwamba jina la kwanza halijulikani. Hakuna aliyemwambia. Kazini wakamtengenezea beji, wasimamizi wakaanza kumwita Fnu, na kwa kuwa yeye ni mpole akaitika. Katika kiwanda hicho wako akina Fnu wengine wawili, kutoka mataifa tofauti kabisa, na wenyeji wanaamini ni jina maarufu sana barani Asia na Afrika. Huyu kijana wetu na hao wenzake sasa huitana "somo".

Binti wa Pangani

Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Mwalimu, umetuambia jina lako na jinsi lilivyopokelewa Shinyanga, ila hujatuambia ulilipataje. Ni mashaka gani yaliyokuwapo?

Mwalimu Mstaafu

Binti, hilo nililiuliza nikiwa nimechelewa. Kwa zaidi ya miaka 50 niliamini kwamba nilizaliwa katika taabu, na nilikuwa nimejitungia hadithi kamili, yenye ukame, deni la duka na baba aliyefukuzwa kazi kwenye shamba la mkonge. Niliwahi hata kuisimulia hadharani katika sherehe ya kuagwa kwa mwalimu mwenzangu, watu wakasikitika vizuri.

Mama akiwa mgonjwa, mwaka mmoja kabla hajatutoka, nilimwuliza siku hiyo kulikuwa na mashaka gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. Akasema hapakuwa na taabu yoyote, mahindi yalikuwa yamejaa ghalani na baba yangu alikuwa na baiskeli mpya. Ila mkunga alishika tumbo akasema ni mapacha, bibi yangu akaapa kwamba ni msichana, baba akawa ameshanunua kitambaa cha gauni, na mpaka dakika ya mwisho hakuna aliyekuwa na hakika. "Tulikuwa na mashaka," akasema, "ukatoka wewe." Kisha akauliza kama chai imekwisha kuwa tayari.